Kilichozima Mashine ya Mama Constance

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana Mutale alikuwa na kazi moja: kujaza mazuti, yaani dizeli, katika tangi la mashine ya kusaga ya mama yake, Mama Constance. Mashine hiyo ilikuwa ndani ya kibanda cha mabati, pembeni mwa Lubumbashi, katika komine ya Annexe, na foleni yake ilijulikana kwa vita. Wanawake walifika na ndoo za mahindi tangu saa kumi na mbili, wakasukumana, wakakanyagana, wakatukanana mpaka mababu. Ungedhani unga unagawiwa bure.

Wiki ile vita vilizidi. Fundi Ephraïm alikuwa ameifungua injini yote na kuiwekea pistoni mpya. Ijumaa ilinguruma vizuri hata Mama Constance akapiga vigelegele. Lakini kuanzia Jumatatu ilikuwa inawaka, inasaga kwa dakika kama kumi, kisha inatetemeka, inakohoa na kuzimika. Ukiiacha ipumzike, inawaka tena; baada ya dakika kumi, kukohoa kulekule. Fundi alisafisha chujio la mazuti, wapi! Mwishowe akatoa enjekta, kile kipande kinachorusha mazuti ndani ya injini, akaifunga katika kitambaa na kwenda nayo kwake kuisafisha. Watu walimwona akiondoka na kitambaa hicho, na midomo ya watu haina breki: eti ameiba pistoni mpya.

Mutale naye alikuwa na siri. Jumapili alikuwa amechukua kifuniko cha tangi kuchezea mchezo wa kuruka vyumba, kwa sababu ni kizito na hutua vizuri. Kikaviringika mpaka mtaroni, maji ya mvua yakakibeba. Mama yake alikuwa amemkataza mara nyingi kuchezea vitu vya mashine. Basi akaziba mdomo wa tangi kwa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara mbili, akaufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akakaza, akakaza tena, isipite hata chembe ya vumbi la unga. Juu akatandika gunia. Kila asubuhi alifungua, akajaza mazuti, akafunga vilevile. Haikumjia akilini kwamba mfuko ule ungeweza kumdhuru mtu.

Jumatano Fundi Ephraïm alirudisha enjekta mahali pake, akazungusha hendeli ya kuwashia, na injini ikawaka. Hapo akaingia Tonton Gauthier, mdogo wake Mama Constance. Alikuwa dereva wa lori njia ya Kipushi, mtu wa mikono mizito na masikio mepesi. Maneno ya foleni yalikuwa yamemfikia.

“Weye! Pistoni mupya ya dada yangu, uliuzishaka wapi?”

“Sikuuzisha kitu, bwana. Moteur iko muzima. Sikiliza vile inazunguka.”

“Ngojea kidogo utaona!” alipiga kelele Mama Chama, ambaye ndoo yake ilikuwa imelala pale siku tatu. “Iko natuchezea, ule muntu!”

Haukupita muda, injini ikaanza kutetemeka. Gauthier hakungoja izimike. Alimzaba fundi kofi lililomwangusha juu ya magunia. Kisha akachomoa mkanda mkuukuu wa mashine uliokuwa ukining'inia kwenye msumari, akamchapa nao mgongoni, mikononi, usoni. Damu ikamtoka fundi mdomoni. Sanduku lake la vyombo likapigwa teke, spana zikatawanyika matopeni.

“Muizi! Muizi!”

Neno hilo likatoka kibandani likashika barabara, na barabarani kulikuwa na vijana wasiomjua fundi wala injini, ila wanaojua kupiga. Wakaja na mawe. Mmoja alikuwa akiviringisha tairi, na kila mtoto wa mtaa ule alijua tairi huletwa kwa kazi gani. Mama Constance alijitupa katikati yao.

“Gauthier, acha! Mutamuua!”

Akasukumwa, naye akaanguka.

Fundi Ephraïm alikuwa amejikunja chini, mikono kichwani, lakini bado alikuwa anasikiliza injini. Ndivyo walivyo mafundi wa kweli. Hata ukiwaua, sikio moja linabaki kazini.

“Iko na njaa,” alisema, damu ikimjaa mdomoni. “Sikieni! Moteur haina mubaya. Mazuti njo haifike. Muniache nione tangi!”

“Unataka kuona nini tena?” Mkanda ukashuka.

Mutale, aliyekuwa amejibanza karibu na tangi, alisikia neno hilo. Akavuta gunia. Mfuko wa plastiki ulikuwa umefyonzwa ndani ya mdomo wa tangi, umebonyea kama shavu la mtoto anayenyonya mfupa. Ndipo akaelewa. Akaogopa, na aliogopa kwa ajili yake mwenyewe kwanza: akinyamaza, hakuna atakayejua; akisema, mkanda ule utamgeukia yeye. Jiwe la kwanza likampiga fundi begani, naye akalia kama mtoto.

Mutale akanyakua kisu cha kufungulia magunia, akauchoma mfuko. Fyuuu! Hewa ikaingia. Injini iliyokuwa inakata roho ikakohoa mara mbili, ikashika, ikanguruma mpaka mabati yakatetemeka.

“Njo mimi!” alipiga kelele, machozi yakimtiririka. “Nilipoteza bouchon ya tangi, nikafunga na sashé! Papa Ephraïm hakuiba kitu! Musimupige!”

Gauthier akamgeukia, mkanda juu. Lakini aliyesimama mbele ya Mutale alikuwa fundi mwenyewe, akipepesuka.

“Hapana,” alisema. “Leo imetosha.”

Vijana wakaangusha mawe, wakaondoka mmoja mmoja wakitazama chini. Mama Chama akajidai kutafuta ndoo yake. Gauthier, mwanaume mzima, alipiga magoti matopeni akaanza kuokota spana, akizifuta kwa shati lake. “Papa Ephraïm, unisamehe,” alisema, lakini hakuthubutu kumtazama. Mama Constance alileta maji, akamwosha fundi uso, kisha akamgeukia binti yake.

“Mutale, siku tatu unaniangalia hivi, unanyamaza?” alisema. “Nitakufanya nini mie?”

“Mama Mutale, mungojee,” fundi alisema. Akaketi juu ya gunia, akamwita msichana karibu. “Tangi inapumua, mutoto wangu. Mazuti ikishuka, hewa inaingia pa nafasi yake. Ile bouchon ilikuwa na katundu kadogo. Sashé yako haina. Ulificha kosa siku tatu, na ni mubaya sana. Lakini ulisema wakati kusema kulikuwa hatari. Siye wakubwa, hata dakika tatu hatukuulizana.”

Gauthier alisimama akisikiliza, spana mkononi.

“Siku ingine ukiharibu kitu, kimbia useme ile ile saa,” fundi aliendelea. “Bouchon inauzishwa pa soko kila siku.” Akafungua kiganja chake, na ndani yake, katika damu, kulikuwa na jino. “Hii, haiuzishwe.”