Mlango wa Kushoto wa Landrova ya Chome

Ilianza Jumatano, tarehe 17 Septemba, saa saba na dakika kumi mchana. Jenifer aliikumbuka dakika hiyo kwa sababu ndipo umeme ulipokatika na kompresa ya kupulizia rangi ikanyamaza, naye akatazama saa kwa hasira. Alumini iliyokwanguliwa haitakiwi kukaa uchi. Hewa ikishaila, praima, ile rangi ya kwanza, haishiki.

Mlango ulikuwa umelazwa juu ya mapipa mawili katika gereji yao, Same mjini. Ulikuwa mlango wa kushoto wa Landrova kuukuu aliyoinunua Jenifer kijijini Chome, ambako ilikaa bandani miaka thelathini na moja. Rangi yote ilikuwa imetoka kwa msasa asubuhi hiyo.

"Injinia, chuma chako kinanukia waridi kama bibi harusi," alisema Loth, mdogo wake.

"Si chuma, ni alumini. Halafu vaa glovu."

"Glovu za nini? Kwani nazalisha?"

Akaupangusa mlango kwa kiganja kitupu, wakaenda kula.

Waliporudi, unga mweupe ulikuwa umeota juu ya bati. Jenifer alijua kutu ya namna ile huchukua miezi, na hii ilikuwa imechukua saa moja. Tena haikusambaa ovyo. Ilikuwa na umbo la kiganja chembamba, chenye vidole virefu mno, kama cha mtu aliyeusukuma mlango kutoka ndani.

Alhamisi, saa saba mchana, unga ulitokea kwenye kiganja cha Loth. Haukutoka kwa sabuni wala kwa tina ya kuyeyushia rangi. Ijumaa, saa ile ile, ulifika kwenye kifundo cha mkono. Chini yake ngozi ilikuwa ngumu, ya kijivu, na baridi ingawa jua la Same lilikuwa linachoma.

"Dada," alinong'ona, "nipige msasa."

"Usiseme hivyo."

"Ule laini. Nipige kama tulivyoupiga mlango. Sihisi kitu, dada, ndiyo maana naogopa."

Jenifer akampigia simu Bibi Eliaichi, mjane aliyemuuzia gari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Gari limewaka?"

"Bibi, ule mlango wa kushoto una nini?"

Likasikika komeo la mlango likisukumwa, na sauti ya bibi ikashuka.

"Mmeukwangua?"

"Tumeukwangua."

"Yesu wangu. Sikiliza, na usinipeleke kwa mchungaji. Marehemu mume wangu alimpa lifti mwanamke kule bwawa la Nyumba ya Mungu, jua la utosi. Alipandia mlango huo, na hakushuka; mlango haukufunguliwa, ila kiti kilikuwa kitupu. Unga mweupe ukaanza kumwota mume wangu mkononi. Tukashuka kwa siri kwa shehe wa Kwakoa, akamrudisha mlangoni, akachanganya kombe, maji ya aya zilizooshwa, kwenye rangi, akaupaka mlango."

"Mbona hukuniambia siku nanunua?"

"Mbele ya mwinjilisti aliyekuja kushuhudia mauziano? Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, mwanangu! Ningesemaje?"

Shehe alikwishakufa. Aliyekuja Jumamosi mchana ni mjukuu wake, Ustadhi Hamidu, kijana mpole. Alichoma ubani, akafunga milango ya gereji, akaanza kusoma, na kadiri alivyosoma harufu ya waridi ilizidi kupanda mpaka ikaufunika ubani, mabati ya paa yakaanza kulialia ingawa nje hapakuwa na upepo, na Jenifer, aliyekuwa amemkumbatia mdogo wake kwa nguvu zote, akauona ule unga mlangoni ukififia kidole kimoja baada ya kingine, akataka kumshukuru Mungu, lakini alipotazama chini akauona ukitambaa juu ya mkono wa Loth, taratibu, bila haraka, mpaka kwenye kiwiko.

Hamidu aliacha kusoma. Kanzu yake ilikuwa imelowa jasho.

"Mlangoni ametoka," alisema. "Mkononi amegoma. Kesho saa saba atafika begani, na kutoka hapo ni moyo."

"Basi mtoe, ustadhi! Nakuomba, mtoe!"

"Siwezi. Hata babu hakumtoa, alimfungia tu." Akaandika kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akaiosha kwa maji ya waridi, akayamimina katika chupa. "Yachanganye kwenye praima, uupake mkono kabla ya saa saba. Mimi kazi ya rangi siijui. Fundi ni wewe."

"Na huyo akifungiwa mkononi, mdogo wangu atakuwa nani?"

Hamidu akamkabidhi chupa, akafungua milango ya gereji.

Jumapili, saa tatu asubuhi, watu wakiwa kanisani, Jenifer alimkalisha Loth kwenye kiti na kuulaza mkono wake juu ya mapipa. Akaupiga msasa laini kwa mwendo wa duara, akapangusa vumbi kwa kitambaa chenye tina, akachanganya praima na kombe, akapaka kwa brashi kuanzia kwenye kucha hadi juu ya kiwiko, asiache hata upenyo wa sindano. Akasubiri dakika ishirini, akapaka tabaka la pili. Loth alitazama ukutani, machozi yakimtoka.

Ilipokauka, akaugonga mkono kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu abishaye hodi.

"Umesikia?" aliuliza.

"Sijasikia kitu, dada."

Ndani ya mkono, mtu akajibu kwa kugonga mara tatu.

Jenifer akachovya brashi, akaanza tabaka la tatu.