Udi Ndani ya Mtego wa Ioni

Kila asubuhi ya likizo Batuli alifagia maabara ya sekondari mpya ya Rasbura, mojawapo ya zile zilizoanza kufunguliwa na watu binafsi. Wiki ile alifagia kwa madaha, maana shangazi yake Ziada, mwalimu wa fizikia chuo kikuu, alikuwa amekuja na mtego wa ioni, mdogo kama chupa ya chai, ili auonyeshe kwa wanafunzi na wazazi. Ndani yake elektroni hurushwa kwa kasi, zikazigonga atomu za gesi na kuzinyang'anya elektroni zao. Atomu hizo hubaki kuwa ioni zenye chaji kubwa, zikibanwa kwa sumaku na umeme mpaka zifunguliwe njia ya kutoka.

Lakini kwanza hewa yote inyonywe, na siku ya maonyesho hewa ilikataa kutoka. Pampu ilinguruma, mshale wa kipimo cha hewa ukaganda, na wazazi walishaanza kujaa nje.

"Fidelis, vyuma hivi hukuviosha," shangazi alimwambia fundi wake.

Fidelis akaapa kwamba aliviosha kwa spiriti. Shangazi hakutaka kusikia. Alimwambia akusanye vitu vyake arudi kwao Kilangala, kazi imekwisha.

Batuli akakumbuka. Jana, mtego ukiwa bado wazi, aliupitishia chetezo chenye makaa na udi. Kwao mgeni hapokelewi mpaka nyumba inukie, naye alitaka hata mashine inukie. Akisema, ataaibika mbele ya shangazi anayempenda mno. Akinyamaza, nani atajua? Lo, kunyamaza kulikuwa rahisi kweli! Fidelis alishaanza kufunga mfuko wake.

"Shangazi, ni mimi," alisema. "Niliufukiza udi."

Shangazi alimkazia macho mpaka Batuli akatamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akaufungua mtego. Vyuma vilikuwa na utando wa moshi, uliokuwa ukitoa mvuke kila pampu iliponyonya. Akamwambia Fidelis auweke mfuko chini, na wageni wakaombwa radhi warudi kesho. Batuli na Fidelis wakasugua vipande vyote, wakavipasha moto, na pampu ikaachwa ikinguruma.

Kesho yake mshale ulishuka. Shangazi akafungua njia, ioni zikatoka kwa mkupuo, na mstari wa kuonyesha wingi wake ukaruka juu kwenye kioo cha kompyuta. Watu wakapiga makofi.

Shangazi alimgeukia Fidelis kwanza, akamwomba msamaha mbele ya wote. Kisha akamshika Batuli bega.

"Moshi tumeusugua ukatoka," alisema. "Lakini ungenyamaza, ningemfukuza mtu asiye na kosa, na hilo hakuna spiriti ya kulisafisha. Umeogopa, na bado umesema. Mimi mtu mzima sikuuliza, nililaumu tu. Leo tumejifunza wote wawili."