Mlinzi Asiyekabidhiwa

Kabla hata haijachomekwa kwenye umeme, kompyuta ile ilinuka mkonge. Haikuwa harufu ya vumbi la ofisini wala ya plastiki iliyozeeka. Ilikuwa ile harufu kali, chachu, ya makapi yanayooza nyuma ya korona, mashine ya kukamua mkonge. Elineema aliivuta harufu hiyo kwa miaka ishirini na miwili, akiwa mkuu wa ghala katika shamba la umma nje ya mji wa Kilosa, na aliapa kutoivuta tena.

"Inanuka kazini kwako," alisema mkewe, Costancia, akikunja pua.

"Kazini kwangu wapi, Mama Raheli? Mwenye kazi ameuza. Mimi sina kazi, nina hasira."

Mikumi nzima, mji waliohamia, ilijua kwamba ni kweli. Shamba lilipouzwa, katika miaka ile ya kubinafsisha kila kilichokuwa na mlango, wafanyakazi waliitwa uwanjani wakaambiwa kwamba adhuhuri ndiyo kikomo cha ajira yao. Elineema, mwenye shahada ya Mlimani na funguo zote za ghala, alitakiwa abaki afanye makabidhiano. Desturi ya kazi ya serikali inajulikana: anayeondoka hutembea na anayeingia, chumba kwa chumba, akikitaja kila kitu, na mwenzake huitika, "Nimepokea." Elineema hakutembea na mtu. Alilitupa tita la funguo kwenye dimbwi la maji ya mkonge, akatamka kwamba mwizi hakabidhiwi nyumba, akapanda basi. Kisa hicho alikisimulia kila alipopata msikilizaji, na kila aliposimulia dimbwi liliongezeka kina.

Kompyuta aliinunua mnadani, mabaki ya ghala lake mwenyewe yalipouzwa kama chuma chakavu. Costancia alitaka kufungua darasa la kupiga chapa katika chumba cha mbele. Alikwenda mwenyewe Morogoro akarudi na sidii yenye mfumo mpya, kwa kuwa ule wa zamani haukuonyesha chochote ila kistari cheupe kilichopepesa gizani.

Jumamosi asubuhi Elineema aliitumbukiza sidii, na asilimia zikaanza kupanda taratibu kwenye skrini. Costancia alisimama nyuma yake na ungo wa mchele.

"Ikikubali hii, Jumatatu nitawaambia wale wasichana wa..."

Akanyamaza. Kazi ilikuwa imegota asilimia arobaini na nne, na skrini ikasema kwamba faili haliwezi kuandikwa. Elineema alisonya, akangoja mkewe amalizie. Alipogeuka alimkuta amesimama vilevile, mdomo wazi, kidole juu ya chuya, macho yakimtazama mtu asiyekuwapo. Kisha akapepesa, akaendelea kuchagua mchele.

"Wasichana wa wapi?" Elineema aliuliza.

"Wasichana gani?"

Aliyarudisha macho kwenye skrini. Chini ya maneno ya kosa palikuwa na maneno mengine, ambayo hakuna mkono ulioyaandika: *Kidodi waje na madaftari yao.*

Mtu mwingine angeizima akaitupa. Elineema alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu unasema kwamba kosa lina chanzo, na chanzo hupatikana kwa kuondoa, kimoja baada ya kingine, vyote visivyokuwa chanzo. Alilifungua kasha. Alichomoa kadi za kumbukumbu, akayasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akazirudisha moja moja. Mfumo uligota palepale. Akabadili waya bapa wa diski; ukagota palepale. Akaikagua diski yenyewe sehemu kwa sehemu, akaikuta nzima kuliko umri wake ulivyoruhusu. Na kila mashine ilipogota, Costancia aligota nayo, na kila aliporejea alirejea na upungufu: aliwasahau wasichana, akasahau bomba la maji liko upande gani, na Jumapili, wametoka kanisani, aliitazama picha ya Raheli, binti yao aliyeolewa Dumila, akauliza kwa adabu huyu ni mtoto wa nani.

Elineema aliuona uhusiano. Mtu wa hesabu hawezi asiuone. Lakini kuona ni jambo moja na kukubali ni jingine, na katikati yao palikaa hasira. Shamba lilikuwa limemwondoa kama gunia tupu. Leo hata takataka za shamba hilo zimkatalie nyumbani kwake?

"Iache, Baba Raheli," Costancia alinong'ona. "Nikiisikia inaanza kuvuma, naona kama napungua."

"Mara moja tu. Nimekipata."

Kweli alikuwa amekipata kitu. Katika mipangilio ya ndani kabisa ya mashine mlikuwa na mlinzi, kipengele kidogo kinachozuia virusi visiandike mwanzoni mwa diski, na ambacho hakijui kutofautisha kirusi na mfumo halali. Elineema alipiga paja. Alikizima, akaanza upya.

Asilimia zikaivuka arobaini na nne. Zikaivuka sitini. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa ashangilie aliposikia kwamba feni ndogo ya mashine haivumi tena kama feni bali inanguruma, mbali kwanza kisha karibu, mngurumo wa korona iliyoshiba majani, na harufu ikapanda kutoka kwenye kibodi ikaujaza mlango na madirisha, na vidole vyake vikateleza kwa majimaji ya kijani ambayo hakujua yametoka wapi, naye akauvuta waya ukutani akabaki nao mkononi, umekatika umeme kabisa, na bado skrini ikawaka, na bado korona ikanguruma, na juu ya weupe ule yakajiandika, herufi kwa herufi, maneno haya: *MLINZI HAJAONDOLEWA ZAMUNI.*

Nyuma yake Costancia alikuwa amegota. Safari hii hakupepesa.

Bibi Mwanvua, mganga wa upande wa mashamba ya miwa, alikuwa akianua nguo Elineema alipofika akihema.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Msomi wa Mlimani! Si wewe uliyesema ubani wangu unafaa kufukuza mbu?"

"Nilisema. Nisamehe. Mke wangu anakwisha."

Mganga hakutania tena. Alifika, akamtazama Costancia, akaitazama mashine, akafukiza ubani. Moshi haukupanda, ulilala, ukatambaa hadi kwenye kasha la kompyuta, ukaingia kama maji yanavyoingia mchangani.

"Ana njaa huyu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni nani wewe?"

Mdomo wa Costancia ulijibu. Sauti ilikuwa nzito, kavu, yenye heshima ya kiofisi. "Mlinzi wa ghala. Aliniweka mwenye shamba wa kwanza, kabla ya serikali, kwa ubani wa kila Alhamisi. Nikakabidhiwa toka kwa mkuu hadi mkuu. Kila makabidhiano yalimalizika kwa kusema, 'na vyote vilivyomo.' Mimi nimo."

"Mama huyu amekukosea nini?"

"Ameingiza kitu kigeni. Ninachokikamata humpelekea bwana wangu, hata neno moja." Macho ya Costancia yakageuka yakatua juu ya Elineema. "Bwana ghala, nimekuletea."

"Mimi si bwana wako!" Elineema alifoka. "Nimeachishwa! Wamenifukuza kama mbwa!"

"Funguo ulimkabidhi nani?"

Kwa mara ya kwanza kisa cha dimbwi hakikumchekesha Elineema.

Bibi Mwanvua alimvuta uani. "Jini wa kufugwa hatolewi kwa ngoma. Mrudishe kwa mwenye mali. Utamke unachotoa, aitikie anachopokea. Ila nakuonya, mwanangu: umtoe kwa moyo mweupe. Ukimtoa na kinyongo utakuwa umekabidhi chuma tu. Huyu hasikilizi maneno. Anasikiliza amri, na amri yako kubwa ni hasira yako."

Kesho yake Elineema alisafiri na kompyuta mapajani hadi Kilosa. Njia nzima alijaribu kuusafisha moyo. Aliwasamehe waliouza, akawasamehe walionunua, na mahali fulani baada ya kona za milimani aliamini kabisa kwamba amesamehe.

Meneja mpya, kijana aitwaye Anselmi, alikalia kiti kilekile ambacho mgongo wa Elineema ulikuwa umekichimba.

"Shikamoo, mzee. Mbona unaturudishia makopo? Wanunua chuma chakavu wako stesheni."

"Marahaba. Siku ile niliondoka bila makabidhiano. Nimekuja kuyatimiza." Elineema alisimama wima. "Nakukabidhi kompyuta hii na vyote vilivyomo, pamoja na mlinzi wake, ambaye ni jini. Nakwambia ukweli ili usije ukasema hukuambiwa."

Anselmi alicheka hadi akashika meza. "Jini! Basi tutampangia zamu."

"Sema umepokea."

"Nimepokea, mzee wangu. Nimepokea na mapembe yake."

Elineema alihisi kitu kizito kikimtoka mabegani. Angeondoka wakati ule, hadithi hii ingekwisha vizuri. Lakini Anselmi aliegemea kiti, akafuta machozi ya kicheko. "Ndiyo maana shamba lilifilisika. Ninyi wazee mlikaa humu mkihesabu majini badala ya magunia."

Hasira ilimpanda Elineema kutoka kwenye nyayo, ileile ya siku ya dimbwi. Hakuizuia. Aliiacha ipande, kwa sababu ilikuwa tamu. Akaufikia mlango.

"Na ukifika Mikumi, mzee," Anselmi alimpigia kelele, "uwasalimie sana..."

Harufu ya mkonge ilimfikia Elineema kisogoni. Alijua, bila kugeuka, jinsi mdomo ule ulivyobaki wazi. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitasa. Aliyekwisha kukabidhi hana tena mamlaka ya kurudi ghalani, alijiambia; akavaa kofia yake, akatoka.

Nyumbani kulinukia vitunguu. Costancia alimlaki mlangoni, macho yake yamejaa, yeye mwenyewe ndani yake.

"Pole na safari, Baba Raheli. Mwanao ameleta salamu kutoka Dumila. Na wasichana wa Kidodi wameuliza darasa lini. Nimewaambia wavumilie, fundi wao ameishindwa mashine."

Elineema alicheka hadi akakaa. Hata yeye hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka hivyo. Costancia alitenga ugali, akaleta bakuli na birika, akamnawisha mikono.

Maji yaliendelea kumiminika. Yalijaza bakuli, yakafurika mezani, ya kijani, chachu. Mkono wa Costancia ulikuwa umesimama hewani, na kutoka kinywani mwake kilitoka kicheko cha kijana wa Kilosa.

"...simba wenu wa mbugani," kilimalizia.

Kisha ikafuata ile sauti nyingine, nzito, kavu, yenye heshima.

"Bwana ghala, nimekuletea."