Palaki ya Trekta Lililoungua

Mama Pudentienne anadai kwamba palaki ya lile trekta iliibwa na maiti. Anasema alfajiri alikuwa ametoka kufukuza ndege shambani mwake, chini ya njia ipandayo Lemera, akamwona askari aliyekufa vitani ameinama juu ya trekta lililoungua, akiling'oa kibati chake cha namba kama mtu ang'oaye jino. Maiti huyo, anasema, hakuwa na kichwa. Alikuwa na kibyongo. Alipomaliza, akapotelea kwenye matete.

Inspekta Evariste alimsikiliza mpaka mwisho, jasho likimchuruzika shingoni. Alikuwa ametoka Uvira kwa jambo dogo tu: kujua trekta hilo ni la aina gani na la mwaka gani. Jana aliiona palaki kwa macho yake, imefunikwa na masizi. Akatangaza mbele ya wanakijiji wa Runingu kwamba palaki ndiyo itakayosema, akaenda kutafuta petroli ya kuisafishia. Leo palikuwa na matundu mawili na mikwaruzo mipya. Chini kwenye majivu aliokota ncha ya kisu iliyovunjika.

"Mama, huyo maiti alivaa nini?"

"Kitenge."

"Askari? Kitenge?"

"Bantu bafu habana nguo yabo, shefu. Banaazima."

Koplo Norbert akakohoa ili asicheke. Inspekta akamkata jicho.

"Na hili trekta, wakati wa vita lilikuwa na rangi gani?"

"Ya kijivu. Ile ya koperativi. Rémy alikuwa anaiendesha, na bale baasi, Basimba, bote nyuma, na masanduku ya risasi."

"Juzi ulisema nyekundu!"

"Juzi uliniuliza vibaya."

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wote. Kabla ya uasi, matrekta ya upande huo wa bonde yalikuwa mawili. La kijivu lilinunuliwa na koperativi ya wakulima wa pamba mwaka 1952, na dereva wake alikuwa Rémy. Lingine, jekundu, aliliacha mlowezi aliyekimbia baada ya uhuru, na waasi wakalitwaa. Vita vilipokwisha likaonekana moja tu, limeungua mpaka rangi ikaisha, na tela lililojaa maganda ya risasi nyuma yake. Rémy alikuwa rumande Uvira. Kesho jeep ya jeshi ingekuja. Trekta likiwa la koperativi, angepelekwa Bukavu mbele ya mahakama ya kijeshi, na waliopelekwa huko kwa kosa la kuwabebea waasi risasi hawakurudi. Likiwa la mlowezi, ushahidi uliobaki ulikuwa mdomo wa Pudentienne, na mdomo huo hakuna jaji angeutaka.

Akamhoji Bonaventure, mkubwa wa koperativi.

"Trekta lenu lilikuwa la aina gani?"

"Ferguson."

"Na la mlowezi?"

"Ile nayo Ferguson."

"Yalitofautianaje?"

"Ile yetu ilikuwa yetu."

Inspekta alifumba macho kidogo, akamwambia Norbert awashe pikipiki.

Huko Kamanyola, mfanyabiashara Antoine alikuwa bado analima na Ferguson ndogo ya kijivu. Alipowaona akapiga kelele toka juu ya kiti: "Eh! Serikali imekosa feza, leo inakuja kulima?"

"Shuka, Papa Antoine. Hili na lile la koperativi ya Runingu ni aina moja?"

"Ni mapacha. Zilikuja siku moja."

Inspekta akapanda, akatazama kila kitu polepole. Katikati ya miguu kulikuwa na fimbo moja ya gia. Antoine akaisukuma mbele, injini ikanguruma.

"Fimbo hii hii inaamsha moto?"

"Hii hii. Hakuna ingine. Zile nyekundu, namba 35, ndizo ziko na fimbo mbili. Aina ile haikuwako kabla ya hamsini na sita, na rangi nyekundu ilikuja nyuma kidogo."

Walirudi Runingu vumbi limewajaa masikioni. Inspekta akapiga magoti mbele ya kiti cha trekta, akachimbua udongo na majivu yaliyogandamana. Vikatokea visiki viwili vya fimbo za gia. Akafunua boneti, akatafuta kwenye bawaba mahali moto haukufika, akakwangua. Nyekundu.

"Hamsini na nane hivi," akasema. "Si la koperativi. Hata kuzaliwa lilikuwa halijazaliwa wakati wanalinunua la kwao."

"Basi Rémy amepona, shefu. Twende nyumbani."

"Na palaki? Nani aibe kitu kinachomwokoa mtu?"

Wakapitia nyumbani kwa Rémy. Mkewe, Domitille, alikuwa akimenya mihogo mlangoni, mtoto mgongoni, kitenge amekitanda kichwani mpaka kwenye nyusi. Inspekta alimtazama kwa mbali, akamwona maiti wa Pudentienne mzima mzima, na kibyongo chake kinanyonya kidole. Norbert akabaki kwenye pikipiki.

"Mama Domitille, nionyeshe kisu hicho."

Kilikuwa hakina ncha. Inspekta akaitoa ile aliyoiokota, akaiunganisha. Ikakaa sawasawa.

"Palaki iko wapi?"

"Nimeitupa mu Ruzizi."

"Kwa nini?"

"Weye ulisema mbele ya bantu bote, palaki ndiyo itasema. Wakati wa Babeleji, papa yangu aliibiwa kinga, baisikeli yake. Baliisoma palaki yake tu kule ku biro, bakataja jina lake na kijiji chake. Nikasema, hii nayo itamutaja Rémy."

"Palaki ya baiskeli ni ya kodi, mama! Ya trekta haina jina la mtu!" Mtoto alishtuka, akaanza kulia. Inspekta akashusha sauti, ila kwa shida. "Ingesema aina na namba ya kiwanda, basi. Ingesema hili si trekta la mumeo. Ulitupa mtoni kitu cha kumfungulia mlango!"

"Ingemutosha mu gereza?" Domitille akauliza.

"Atatoka tu. Nimeona fimbo mbili."

Alikuwa ameshageuka aende zake. Akasimama, mkono juu ya mwimo wa mlango.

"Mama. Kama trekta halikuwa lake, uliogopa jina lake kwa nini?"

Domitille alimbembeleza mtoto mpaka akanyamaza.

"Ile ya koperativi ilikuwa imekufa injini. Basimba balikuwa na ile nyekundu, hakuna muntu wa kuiendesha. Balikamata mutoto wetu mukubwa, bakamuwekea panga hapa ku shingo. Bakamuambia Rémy: panda, ama tunakata."

"Akapanda."

"Akapanda. Aliiendesha mupaka siku iliungua."

"Nani mwingine anajua?"

"Pudentienne aliona, lakini yeye anaona hata bafu. Miye ndiye najua. Na sasa weye."

Huko nje Norbert aliwasha pikipiki, akaita, "Shefu, giza litatukuta njiani!"

Domitille alisimama, maganda ya mihogo yakamwanguka kutoka mapajani.

"Papa Inspekta, andika mwaka tu. Andika ile trekta ni ya hamsini na nane, haiko ya koperativi. Si ni ukweli?"

Inspekta Evariste hakuutoa mkono wake kwenye mwimo.

"Papa, si ni ukweli?"