Bati Chini ya Subaru

Niungame mapema: mara ya kwanza kusimulia hii stori nilimwita Nzau fundi bure. Nilikosea. Nzau alikuwa fundi kamili. Shida ni kwamba alitengeneza gari ya barabara tupu.

Saa nne asubuhi. Dagoretti, chumba nyuma ya bucha. Mungai, mkubwa wao, alichora ramani na biro kwa karatasi ya kufungia nyama.

"Sonara ya Hurlingham. Dakika tatu. Mimi na Jackie ndani, Nzau kwa gari. Ngong Road, Southern Bypass, tumepotea. Na Nzau, hiyo bati umeweka chini ya gari ni ya nini?"

"Upepo hujikwaa chini ya gari," Nzau alisema. "Eksosi, giaboksi, kila kona. Nimeziba yote laini, bolti ishirini na nne. Kwa bypass, karao na king'ora chake atabaki akila vumbi."

Jackie akacheka. "Yaani umevalisha Subaru boksa."

"Cheka tu. Jumapili alfajiri nilifika mia mbili na haikutetemeka."

Nzau mwenyewe hakucheka. Waithera, bibi yake, alikuwa amesema neno moja tu: akishikwa tena, asirudi kwake. Nzau alimwapia hii ndiyo ya mwisho.

Saa sita na dakika kumi. Hurlingham. Risasi moja, kwa dari. Wawili wakatoka mbio na begi.

"Kanyaga!"

Akakanyaga. Ngong Road ikampa mita mia mbili. Kisha lori, taa za breki, mtu wa ndizi katikati ya barabara. Jam.

Saa sita na nusu. Mshale wa joto ukapanda. Nzau akaelewa. Alikuwa ameziba mpaka bampa, hakuacha hata tundu. Gari ikisimama, moto wa injini hauna pa kutokea. Na Jumapili hakusimama mahali.

Akafungua hita mpaka mwisho ivute joto ndani. Wakakaa watatu kwa hiyo tanuri, vioo juu, jasho likidondoka kwa begi.

"Fungua dirisha," Jackie alisema.

"Uonekane?" Mungai akamjibu.

King'ora nyuma. Nzau akapanda ukingo, akakata kona, akaingia Woodley. Hapo Subaru ikazima, moshi mweupe ukitoka kwa boneti.

"Nipeni dakika tano. Natoa bati ya mbele ipumue."

Akapiga jeki, akaingia chini na spana. Haraka ilimfanya asiweke jiwe chini ya tairi, yeye ambaye hugombeza gereji nzima kwa hilo. Bolti ya kwanza. Ya pili. Akasikia mlango ukifunguliwa, begi ikivutwa, halafu bodaboda ikisimama.

"Twende tu," Jackie alisema. "Muache."

"Anajua majina yetu."

Kiatu cha Mungai kikapiga jeki.

Bati ikamshukia kifuani, moto kama kikaango. Mikono ilikwama, pumzi ikabaki nusu. Bodaboda ikaondoka na watu wawili.

Saa saba kasoro kumi. Viatu vikakusanyika kando ya gari: ndara, raba, viatu vya kanisa.

"Ni wale wa Hurlingham," mtu akasema. "Redio imetangaza Subaru."

"Mathe," Nzau aliita, akiangalia ndara za mama aliyekuwa karibu. "Jeki iko hapo kwa mguu wako. Isukume chini ya gari, piga mara mbili tu. Mathe, tafadhali. Mara mbili."