Mbuzi wa Evaristo

Sirili alikutwa asubuhi kwenye mfereji unaopita kihambani kwake, shamba la ukoo la migomba na kahawa huko Kibosho, uso majini, kisogo kimepasuka.

Inspekta Kornel alikwishaona maiti nyingi. Kilichomtia hofu ni Odilia, mjane wa marehemu, aliyemvuta nyuma ya migomba akanong'ona, "Ni shemeji Evaristo. Nilimwona na shoka, naye akaniona. Mkimwachia, afande, mimi sina siku."

Shoka lilipatikana kwa Evaristo, limeoshwa, ila pale mpini unapoingia damu ilikuwa imebaki.

"Damu ya nini?" Kornel akamuuliza.

"Mbuzi. Nimechinja leo alfajiri, nikakatia mbavu."

"Mbavu tu?"

"Mbavu tu, afande."

Na kweli mbuzi alichinjwa. Sasa hapo utamshika kwa lipi? Mkuu wa kituo akasema kama hakuna ushahidi, kesho Evaristo anakwenda zake.

Kornel akakimbiza shoka Moshi mjini kwa Daktari Flavia, mtafiti wa ubongo. Miezi kadhaa nyuma, kwa utafiti wake, Flavia aliwachoma sungura sindano za protini ambayo haipatikani ila kwenye seli za ubongo, na damu yao ikatengeneza kingamwili za kuisaka. Akatoboa vishimo viwili kwenye jeli: kimoja akatia maji ya damu ya sungura, kingine uchafu wa shoka uliolowekwa. Protini ikiwepo, katikati hujichora mstari mweupe.

Kulipokucha mstari ulikuwepo.

"Huu ni ubongo," alisema Flavia. "Mbavu hazina kitu hiki."

"Wa mtu?"

"Hapo usinibane, Inspekta. Hata wa mbuzi ungechora hivihivi."

Evaristo atasema alipasua kichwa cha mbuzi, basi, mchezo umekwisha. Lakini Kornel naye ni Mchagga, mtoto wa Machame, anajua nyama inavyogawanywa. Kabla ya kurudi kituoni akapanda kwanza kwa mzee Urbanus, mjomba wa Evaristo.

"Tumekuta ubongo kwenye shoka," alimwambia Evaristo baadaye.

"Nilisahau, afande. Nilipasua na kichwa, tukanywa supu."

"Kichwa si cha mjomba?"

Kwenye ukoo wao kichwa hupelekwa kwa mjomba kizima, na ukimnyima, laana yake haina dawa.

"Nimetoka kwa mjomba wako. Ulimpelekea jana. Nimekishika kwa mikono yangu, hakina hata ufa."

Ama kweli! Mtu kaua nduguye, kachinja mbuzi kuficha damu, halafu kamwogopa mjomba kuliko kitanzi.

"Kwa nini, Evaristo?"

"Kaka mkubwa alipewa kihamba chake. Sirili, kitinda mimba, akaachiwa kihamba cha baba, nyumba na kahawa yote. Mimi wa katikati nikaambiwa nishuke tambarare. Nikifa nizikwe kihambani kwa nani?"

"Na Odilia?"

"Aliniona." Alisema taratibu, kama mtu anayepanga kazi za shamba. "Mngeniachia leo, ningeanzia kwake."

Kornel akafunga mlango wa mahabusu kwa mkono wake, akauvuta kuujaribu, kisha akauvuta tena.