Mizinga Yahamia Mchezo Mpya

Mshonaji alikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na simu moja ya zamani. Kila siku saa saba mchana alikula chakula chake dukani, akanawa mikono, kisha akafungua simu. Kwa nusu saa hakuwa mshonaji tena. Alikuwa mfugaji wa nyuki.

Mchezo wake uliitwa Nyuki Wangu. Mchezaji hupanda maua, huweka mizinga na kuvuna asali. Mshonaji aliucheza kwa miaka sita pamoja na dada yake mkubwa, aliyeishi mji wa mbali. Bustani yao ilikuwa moja: ilikaa kwenye simu ya Mshonaji, na Dada aliingia humo kwa mtandao. Katikati palikuwa na ubao wa salamu, na hapo waliandikiana kila siku. Dada aliandika humo siku alipopata mjukuu wa kwanza. Mshonaji aliandika humo siku alipofungua duka. Siku nyingine waligombana tu kuhusu nani amepanda maua njiani.

Miezi miwili iliyopita simu ya Dada iliharibika. Sasa alitumia simu ndogo ya vitufe. Nyumbani alikuwa na kompyuta, lakini mchezo haukufunguka kwenye kompyuta. Tangu hapo Mshonaji alivuna asali peke yake.

Jumamosi moja maneno mapya yalitokea kwenye kioo cha simu: "Mchezo huu wa zamani utafungwa baada ya siku tatu. Hamia Nyuki Wangu Popote. Utacheza kwa simu au kwa kompyuta."

Mshonaji alimpigia Dada.

"Kwa hiyo nitaingia kwa kompyuta?" Dada aliuliza.

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi hamisha bustani, mdogo wangu. Nimechoka kusimuliwa habari za bustani yangu mwenyewe. Saa kumi nitakuwa mezani, nimevaa miwani."

Mume wa Mshonaji aliingia dukani wakati huo kutoka kazini. Alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na jirani zake walimwita Brashi. Yeye pia alicheza Nyuki Wangu, katika bustani yake mwenyewe. Alikuwa amefika ngazi ya sitini na moja, na hakuna mtu mtaani ambaye hakuambiwa.

"Jambo dogo hilo," alisema. "Unafuta wa zamani, unaweka mpya. Mimi sipaki rangi kabla sijakwangua ile ya kwanza."

"Simu si ukuta, mume wangu."

"Tazama basi. Naanza na yangu."

Alibonyeza palipoandikwa "Futa". Simu ikamwuliza kama ana hakika. Brashi hakusoma. Alijibu ndiyo, kama mtu aliyeulizwa kama atakunywa chai. Kisha akapakua mchezo mpya.

Mchezo ulifunguka kwa muziki mtamu. Aliona kiwanja kitupu, ua moja na mzinga mmoja. Juu paliandikwa: "Karibu, mchezaji mpya. Ngazi ya kwanza."

Brashi aliufunga, akaufungua tena. Kiwanja kilikuwa kile kile.

"Mizinga yangu iko wapi?"

"Umeikwangua," mkewe alisema.

Brashi alinyoosha mkono. "Lete simu yako nijaribu kwa njia nyingine."

Mshonaji aliitia simu mfukoni, akaufunga mfuko kwa pini. "Njia nyingine ni ile ya kwa Bi Taratibu. Twende."

Bi Taratibu alikuwa fundi simu. Kibanda chake kilitazamana na duka lao. Aliitwa hivyo kwa sababu akishika bisibisi hajibu hata salamu mpaka skrubu ikae mahali pake. Walingoja skrubu ikae, kisha wakamweleza yaliyotokea.

"Niambie kitu kimoja," alimwuliza Brashi. "Ulikuwa ukicheza kwa akaunti au kama mgeni?"

"Mgeni wapi? Miaka mitatu nimo humo, mimi ni mwenyeji."

"Uliwahi kuweka barua pepe na neno la siri?"

"Nilibonyeza 'Anza', nikaanza."

"Basi bustani yako ilikuwa ndani ya simu hiyo tu. Wenye mchezo hawana nakala yake. Ulipofuta, imekwenda."

Brashi alikaa kwenye kiti cha wateja. "Kuna jamaa kwenye kundi letu la wachezaji. Anasema anarudisha bustani zilizopotea. Anataka tu neno la siri la barua pepe."

"Huyo harudishi kitu, huyo anachukua. Neno la siri hapewi mtu. Hata mimi usinipe." Alimgeukia Mshonaji. "Na wewe, mama?"

"Mimi pia nilibonyeza 'Anza'." Sauti yake ilishuka. "Miaka sita. Na maneno yote ya dada yangu yamo humo."

"Lakini hujafuta. Basi yapo. Leo hatufuti kitu. Fungua mchezo wa zamani, uandike ulicho nacho, ili baadaye tulinganishe."

Mshonaji alitoa daftari lake la vipimo. Chini ya kiuno na mabega ya mteja mmoja akaandika: ngazi 74, mizinga 38, chupa za asali 212.

"Huyo mteja atavaa nyuki," Brashi alinong'ona.

"Sasa ingia kwenye mipangilio," Bi Taratibu alisema. "Bonyeza 'Hifadhi kwa akaunti'. Weka barua pepe yako, kisha tunga neno la siri refu." Akageuka kutazama ukuta mpaka Mshonaji alipomaliza kuandika. Baada ya muda alama ya kijani ikatokea: "Bustani imehifadhiwa."

"Vizuri. Pakua mchezo mpya kutoka duka la programu la simu yako, si kwa kiungo cha kwenye kundi."

Simu ilikataa. Nafasi haikutosha.

"Mnaona?" Brashi alisema. "Lazima tufute wa zamani."

Bi Taratibu alifungua picha. "Humu mna picha mia nne za ukuta mmoja. Za nani hizi?"

"Zangu," Brashi alisema. "Simu yangu ilikuwa imejaa. Ni za kuwaonyesha wateja. Kila moja ina mwanga wake."

Mshonaji alibakiza tatu, akafuta nyingine zote. Mumewe aliangalia pembeni. Nafasi ikapatikana, na mchezo mpya ukaingia.

"Usibonyeze 'Anza upya'. Bonyeza 'Nina akaunti'. Weka barua pepe ile ile na neno la siri lile lile."

Mshonaji alifanya hivyo. Kiwanja kitupu kikatokea, na ua moja, na mzinga mmoja. Alishika ukingo wa meza.

"Imekwenda," alisema.

"Usiguse kitu. Soma pale chini: 'Inaleta bustani yako'. Mtandao wa hapa unakuja kwa miguu."

Walisubiri. Brashi alianza kusema neno, mkewe akamtazama, akalimeza. Kisha uzio ulitokea. Yakafuata maua, na mizinga ikajipanga safu kwa safu. Mshonaji alihesabu kidole kikiwa kwenye daftari. Sabini na nne. Thelathini na minane. Mia mbili na kumi na mbili. Akafungua ubao wa salamu, akasoma siku ya mjukuu, akajipangusa macho kwa ncha ya utepe wa kupimia.

"Nimpigie Dada nimpe neno langu la siri aingie?"

"Hapana, mama. Afungue akaunti yake, wewe umtumie mwaliko. Na mchezo wa zamani uache mpaka uridhike na huu."

Mshonaji alituma mwaliko, na saa kumi na dakika tano mtu mdogo mwenye kofia alipita lango la bustani mle kwenye simu. Kwenye ubao yakatokea maneno ya Dada: "Nimefika. Kwa kompyuta maua ni makubwa kama sahani." Mara simu ya Mshonaji ikalia.

"Mdogo wangu, kuna mtu kwenye bustani ya jirani, ngazi ya kwanza, mzinga mmoja. Anaomba mbegu. Ni nani?"

"Ni shemeji yako."

"Yule aliyeniita mvivu nilipokuwa ngazi ya hamsini?"

"Yeye mwenyewe."

"Mwambie aombe vizuri."

Brashi aliandika kwa kidole kimoja, polepole: "Shemeji mpendwa, nisaidie mbegu." Dada alimwacha angoje, kisha akamtumia moja. Brashi aliipanda. Lakini kabla ya kuimwagilia maji aliingia kwenye mipangilio, akaweka barua pepe na neno la siri, akisoma kila mstari kwa sauti.